"Malaika": Wimbo wa Aliyeshindwa Kuoa

Katika madarasa yetu ya Kiswahili hapa Uganda, wanafunzi wengi huja wakiwa tayari wanaujua wimbo wa "Malaika". Huuimba kwa furaha, na tumewahi kuusikia hata arusini. Jambo hilo hutushangaza kidogo, kwani anayeimba ni kijana aliyeshindwa kumwoa ampendaye kwa sababu hana kitu.

Vitabu kadhaa huuita wimbo wa jadi, kana kwamba hauna mtunzi. Fadhili William, Mtaita wa Kenya, aliurekodi pamoja na bendi ya Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mpaka alipofariki mwaka 2001 alishikilia kwamba ni wake. Mwanamuziki wa Tanzania, Adam Salim, naye alidai aliutunga mwaka 1945. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. La muhimu kwetu ni kwamba madai yote mawili yanauweka wimbo katika miaka ya mwisho ya ukoloni, wakati vijana wengi walipoacha mashamba na mifugo ya wazee wao kufuata mshahara mjini.

Mshahara wenyewe ulikuwaje? Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni nchini Kenya, chini ya Carpenter, ilikiri kwamba ujira wa Mwafrika ulikuwa umekadiriwa kwa mahitaji ya mtu asiye na mke. Hebu tulitazame hilo vizuri. Mwajiri alimlipa kijana kama kapera, na kwa malipo hayo kijana akabaki kapera! Mahari nayo, ambayo zamani ukoo mzima ulisaidia kuitoa kwa ng'ombe na mbuzi, ilizidi kudaiwa kwa fedha taslimu. Ndiyo maana wimbo unataja pesa na mali, wala haumlaumu baba wa msichana. (Wanafunzi wetu huligeuza somo kuwa mjadala hapa. Tangu Mahakama ya Juu ya Uganda ilipoamua mwaka 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, mjadala huo haupoi.)

Lugha ya wimbo ni nyepesi, lakini ina mitego. Chukua neno "hukuwaza". Tukiichukua hu- kuwa ya mazoea, kijana anasema kwamba kila siku anamfikiria mpenzi wake. Tukiichukua kuwa ya ukanushi wa wakati uliopita, anamlaumu: wewe hukufikiri. Sisi twaegemea maana ya kwanza, maana wimbo mzima hauna lawama kwa msichana. Hata hivyo mwanafunzi anayesikia ya pili hajakosea sarufi.

Mtego mwingine ni kitenzi oa. Kwa Kiswahili sanifu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, kama vile Waganda wanavyotofautisha kuwasa na kufumbirwa. Miriam Makeba wa Afrika Kusini alipourekodi pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, na baadaye Angélique Kidjo wa Benin, kitenzi kilibaki kilekile. Wanawake hao wanaimba kwa kinywa cha mwanamume. Wengine huliona kosa. Sisi hatulioni hivyo: mwimbaji wa taarabu pia hubeba maneno ya mtu mwingine.

Lakini huzuni yenyewe imekaa katika -nge-. Tulipowaomba wanafunzi wa mwaka wa pili waiondoe na kuweka -ngali-, darasa liligawanyika. Kundi moja lilisema hakuna tofauti, kwa sababu wasemaji wengi siku hizi huzichanganya. Kundi la pili lilisema kwamba kwa -ngali- msichana ameshaolewa na mambo yamekwisha, ila kwa -nge- bado yuko kwao, na kijana bado anahesabu shilingi zake. Mabishano yaliendelea hadi nje ya darasa.