Ushahidi na Habari za Mfalme Yusuf

Neno ushahidi hutumiwa kila siku, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa wanalijua. Limetokana na shahidi, neno la asili ya Kiarabu, ambalo maana yake ya kwanza ni mtu aliyekuwapo jambo lilipotokea, akaliona. Katika Kiswahili shahidi ana maana mbili. Yeye ni mtu atoaye habari mbele ya kadhi au hakimu. Tena ni mtu aliyekufa kwa ajili ya dini yake. Neno ushahidi nalo lina majirani wawili, dalili na uthibitisho, ambao hatuna budi kuwatenga nalo. Moshi juu ya paa ni dalili ya moto. Maneno ya mtu aliyeuona moto ukiwaka ni ushahidi. Uthibitisho haupatikani mpaka dalili na ushahidi vipimwe pamoja, vikubaliane. Mwanafunzi wa historia asiyetenga mambo haya matatu aweza kumhukumu mtu kwa dhuluma, na mtu huyo, kwa kuwa amekwisha kufa, hawezi kukata rufani.

Mfano tunao hapa Mombasa. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kando ya mlango wa bandari, na mpaka leo yasimama ukingoni mwa Mji wa Kale. Mapema katika karne ya 17 mfalme wa Mombasa, Sultan Hasan, aligombana na kapteni wa Ngome, na mwisho wake akauawa. Mwanawe Yusuf, aliyekuwa mtoto mdogo, alipelekwa Goa katika Bara Hindi, akalelewa na mapadri, akabatizwa kwa jina la Jerónimo. Alipokuwa mtu mzima alirudishwa Mombasa atawale chini ya Wareno. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngomeni pamoja na watu wake, akamwua kapteni, akairudia dini ya baba zake. Wakristo waliokataa kuiacha dini yao waliuawa, wanaume kwa wanawake.

Twajuaje habari hizi? Mwaka 1632 Kanisa huko Goa lilifanya uchunguzi. Watu walioyajua mambo ya Mombasa waliapishwa, wakaulizwa, na maneno yao yakaandikwa. Hati hizo zimehifadhiwa, na wanahistoria huzitegemea sana. Hapa zile maana mbili za shahidi zakutana: mashahidi walio hai waliitwa ili ionekane kwamba waliokufa walikuwa mashahidi wa dini. Hilo ndilo lililokuwa swali la baraza ile. Haikukutana kupima jinsi watu wa Mombasa walivyotawaliwa, wala jinsi moyo wa mtoto ulivyokuwa alipochukuliwa kwao baada ya baba yake kuuawa.

Je, tuwaite watu hao waongo kwa sababu hiyo? La, hasha. Vifo walivyovieleza vilikuwa vifo vya kweli, na waliokufa hawastahili kusahauliwa. Lakini shahidi mkweli kabisa hujibu alichoulizwa, wala si zaidi. Yusuf mwenyewe hakusimama mbele ya baraza ile. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii yafaa iandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari la kila mwanafunzi wa historia.

Yusuf aliiacha Ngome mwaka 1632, na Wareno wakarudi. Juu ya lango la Ngome pana bamba la jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1639. Lamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ukapteni mwaka 1635, naye ana umri wa miaka 27. Lasema kwamba aliitengeneza upya Ngome; kwamba aliwatiisha watu wa pwani hii walioasi chini ya mfalme dhalimu; kwamba aliwaadhibu Pate na Siyu, na Pemba akawaua wakuu wa nchi.

Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu kulitazama bamba hilo. Mmoja wao akauliza: “Mwalimu, jiwe laweza kusema uwongo?” Nilimjibu kwamba jiwe halisemi kitu, asemaye ni yule aliyeandikisha. Nikawataka walisome tena, si kwa kuliamini wala kwa kulikataa, bali kwa kuliuliza. Ikiwa ubaya wote ulikuwa wa mfalme mmoja, naye amekwisha kuondoka, kwa nini kapteni alilazimika kwenda Pate, na Siyu, na Pemba, kuadhibu na kuua? Majisifu ya kapteni yamefichua jambo ambalo hakukusudia kulikiri: kwamba utawala wa Wareno ulichukiwa mahali pengi, wala si na mtu mmoja.

Upo na ushahidi usiotaka kuaminiwa na mtu. Ndani ya Ngome kuna kipande cha ukuta chenye michoro ya merikebu, samaki na watu, iliyochorwa na askari au mabaharia wa Kireno walipokuwa zamani hizo. Wachoraji hawakuwa na hoja mbele ya mfalme wala Kanisa. Labda walikuwa wakipoteza saa tu. Kwa hiyo michoro yao haina majivuno ya lile bamba. Hata hivyo haiwezi kutueleza kwa nini watu waliuana mwaka 1631. Dalili haina hila, lakini haina maneno. Shahidi ana maneno, lakini aweza kuwa na haja yake.

Basi, kijana msomaji, usiandike upesi kwamba Yusuf alikuwa shujaa, wala kwamba alikuwa haini. Uliza kwanza: Ni nani asemaye? Alikuwapo? Aliulizwa nini, na nani alimwuliza? Ni nani asiyekuwapo barazani? Ukiisha kuyajibu hayo, andika hukumu yako, na uiandike kwa kadiri ya ushahidi ulio nao, isizidi.