Kutoka Waya wa Bagamoyo Hadi Ungo wa Makurunge

Ndugu wasikilizaji, juma hili nakusudia tuzungumze juu ya chombo kidogo ambacho wengi wetu hukiona kuwa ni jambo la jana na leo tu, nacho ni modemu ya intaneti inayopata mawasiliano yake kutoka kwenye setilaiti. Mimi nasema jambo hili lina historia ndefu katika pwani yetu, na historia hiyo ina funzo kwa watu wa Makurunge, pale barabara itokayo Bagamoyo inapoelekea Saadani, Pangani na Tanga.

Tuanze mbali kidogo. Februari 1874, Chuma na Susi pamoja na wenzao walifika Bagamoyo wakiwa na maiti ya Dakta Livingstone, waliyoibeba kutoka katika nchi iitwayo Zambia hivi leo. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara, lakini haikuwa na waya. Habari yoyote ya kwenda Ulaya ilivuka kwa chombo hadi Unguja, kisha ikangoja meli. Waya wa simu, ile ya maandishi, ulifika Unguja kwa njia ya bahari kutoka Aden mwaka 1879. Bagamoyo na Dar es Salaam ziliunganishwa na Unguja mwaka 1890.

Angalieni tarehe hiyo. Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim huko Pangani, na mwaka uliofuata waya ukalazwa. Sidhani kuwa mambo hayo yalifuatana kwa bahati tu. Mtawala aliyeshtushwa na vita alitaka amri zake zifike upesi. Mkulima wa bara ya Bagamoyo hakuulizwa, wala waya haukuletwa kwa ajili yake. Mwaka 1891 makao makuu ya utawala yakahamia Dar es Salaam, na mwaka 1905 reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka huko huko. Bagamoyo, pamoja na waya wake, ikaachwa pembeni. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Safari hiyo mgeni alikuja, mwenyeji hakupona.

Zama za setilaiti nazo hazikutupita. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, Waitalia na Wamarekani walirusha setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ikapewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Jina lilikuwa letu, chombo hakikuwa chetu. Mwaka huo huo wa 1970 kituo cha Longonot, huko Kenya, kilianza kuunganisha Afrika Mashariki na dunia kwa njia ya setilaiti. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kituo kilibaki upande wa Kenya, nayo Tanzania ikawa na kituo chake pale Mwenge, Dar es Salaam.

Intaneti ilipoingia nchini katika miaka ya 1990, ilipitia huko huko angani. Mkonga wa baharini wa SEACOM haukufika Dar es Salaam mpaka Julai 2009. Kabla ya hapo barua ya intaneti kutoka Bagamoyo kwenda London ilipanda juu kwanza.

Mimi nilikuwa miongoni mwa watu waliofunga ungo wa namna hiyo Makurunge mwaka 2008, na kazi yenyewe si uchawi. Setilaiti ile hukaa juu ya mstari wa ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, ikizunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo kwetu huonekana kama imesimama. Tulichimba shimo, tukamwaga zege, tukasimamisha nguzo kwa timazi, mbali na minazi na miembe. Ungo ukatazama juu sana, upande wa kaskazini mashariki, kuelekea Bahari ya Hindi. Ukikosea digrii moja tu hapa chini, kule juu umekosea zaidi ya kilomita 600. Kwa hiyo mmoja huusogeza ungo polepole, mwingine husoma namba ya nguvu ya mawimbi, na bolti hukazwa kidogo kidogo kwa zamu. Kisha fundi huwapigia simu wenye kituo kikuu, nao huthibitisha kwamba hamtaingilia mawasiliano ya wengine kabla ya modemu kuruhusiwa kurusha.

Ungo ule ulifanya kazi vizuri, ila wakati wa masika mvua kubwa iliyakata mawimbi. Baada ya miezi kadhaa ukanyamaza kabisa. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula kiungo cha waya, kitu ambacho kijana yeyote aliyeelekezwa angekisafisha na kukifunga kwa utepe wa mpira. Lakini walioleta mitambo hawakumfundisha mtu hata mmoja wa kijijini, na neno la siri la modemu waliondoka nalo. Watu wakangoja fundi kutoka mjini, na kila mwezi wa kungoja ulilipiwa.

Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Ndipo wengi wakaikumbuka setilaiti. Sasa zipo setilaiti mpya zinazopita karibu, kiasi cha kilomita 550 tu, na jirani zetu wa Kenya wanazitumia tangu Julai 2023. Chombo chake hujitafutia chenyewe mawimbi, na wapo wanaosema kwamba fundi wa kijiji hana kazi tena. Mimi sikubaliani nao. Chumvi ni ile ile, umeme ni ule ule, na ada ya mwezi haijilipi.

Kwa hiyo, shule, zahanati au ushirika wowote unaofikiria kufunga chombo cha namna hiyo, kwanza uulize TCRA kuhusu kibali. Halafu kamati ikae na kujibu maswali matatu kabla ya kutoa senti moja: neno la siri litakuwa mikononi mwa nani, ada italipwa kutoka mfuko gani, na ni vijana gani wawili watakaosimama pale siku ya kufunga mpaka waweze kufungua na kufunga tena wenyewe. Muuzaji asiyekubali vijana hao wasimame karibu naye, mwacheni aende na ungo wake. Waya wa mwaka 1890 ulikuwa wa wenyewe. Huu tunaoulipia sisi, tuhakikishe ni wetu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.