Kupanga nyumba Nyamirambo: mteremko, mita na mkataba

Mgeni azungumzaye Kiswahili anapouliza mahali pa kuishi jijini Kigali, jina linalotajwa kwanza ni Nyamirambo. Sababu yake ni ya zamani. Katika miaka ya 1920 utawala wa Kibelgiji ulitenga eneo hilo kwa ajili ya watumishi wa serikali na wafanyabiashara Waswahili, ilhali msikiti wa Al-Fat'h, unaotajwa kuwa wa kwanza nchini Rwanda, ulikuwa umejengwa tangu 1913. Kwa miongo mingi baadaye neno "Mswahili" lilimaanisha Mwislamu, lugha ya mama yake iwe ipi. Bunge lilikiidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Barabarani Nyamirambo kilikwisha kujiidhinisha chenyewe.

Leo mtaa huo una makanisa na misikiti, vinyozi na washonaji, wauzaji wa vitenge, migahawa ya sambusa na mishikaki, na wakazi wenye asili ya Burundi, Kongo na Tanzania pamoja na Wanyarwanda kutoka kila mkoa. Wengi wao ni wapangaji, nao hukutana na mambo ambayo aghalabu hayasemwi siku ya kuonyeshwa nyumba.

La kwanza ni jina lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku Nyamirambo ni eneo pana linaloanzia Biryogo na kuendelea hadi nyuma ya uwanja wa mpira ambao tangu 2023 huitwa Kigali Pelé Stadium. Katika ofisi za serikali Nyamirambo ni sekta moja tu ya Wilaya ya Nyarugenge, nayo ina kata nne: Cyivugiza, Gasharu, Mumena na Rugarama. Rwezamenyo na Nyakabanda ni sekta nyingine zenye ofisi zao. Anayesaini mkataba hana budi kujua yuko sekta gani, kwa maana huko ndiko atakakofuata vyeti na ndiko shauri lake litakakosikilizwa.

La pili ni mteremko. Barabara kuu ya lami imepita juu ya kilima, na nyumba zimeshuka pande zote mbili. Kadiri mtu anavyoteremka ndivyo pango linavyopungua, na ndivyo gharama nyingine zinavyojitokeza: nauli ya pikipiki kwa mwenye mizigo, ngazi za udongo zinazoteleza kuanzia Machi hadi Mei, na maji ya mvua yanayokusanyika kutoka paa za jirani wa juu. Nyumba inayoonekana rahisi mwezi wa Julai yafaa itazamwe upya kwa macho ya Aprili. Mfereji wa maji uko wapi? Ukuta wa nyuma umeegemea nini? Je, kuna michirizi ya unyevu iliyofunikwa kwa rangi mpya?

Swali hilo lina uzito zaidi ya starehe. Mamlaka za jiji zimekuwa zikiwahamisha wakazi wa maeneo hatarishi, yaitwayo kwa Kinyarwanda "amanegeka". Nyumba zinazotakiwa kuondolewa huandikwa ukutani neno "TOWA", ambalo ni la Kiswahili na halihitaji mkalimani. Mwenye ardhi anapohamishwa kwa manufaa ya umma sheria humpa haki ya fidia. Mpangaji hana ardhi, na kwa kawaida hubaki na madai dhidi ya mwenye nyumba tu, yaani pango alilolipa kabla na hajaishi. Jirani na hapo, katika bonde la Mpazi, nyumba za zamani zimebomolewa na nafasi yake kuchukuliwa na majengo ya ghorofa, na wenye ardhi hupewa makazi humo badala ya mali yao. Kabla ya kulipa, ni busara kumuuliza kiongozi wa umudugudu kama eneo limo katika mpango wowote wa aina hiyo. Yeye hujua mapema, na hana sababu ya kuficha kama aliyonayo mwenye nyumba.

Makazi yenyewe ni ya namna mbili kuu. Ipo nyumba kamili ndani ya ua wake, na vipo vyumba vilivyojengwa mfululizo kuzunguka ua mmoja, kila familia ikiwa na chumba na sebule, huku choo, bomba na kamba ya kuanikia nguo vikiwa vya wote. Aina hii ya pili ndiyo inayowapokea wageni wengi, na ndiyo inayozaa ugomvi mwingi. Chanzo chake mara nyingi ni mita ya umeme ya kulipia kabla, ambayo kila mtu Kigali huiita Cash Power.

Wengi hudhani ugomvi huo ni wa mpangaji mmoja mwenye jiko la umeme au pasi isiyopoa. Sababu iliyo kubwa zaidi imo katika bei. Umeme wa majumbani nchini Rwanda hutozwa kwa ngazi, na anayetumia zaidi kwa mwezi hulipa zaidi kwa kila uniti. Katika bei zilizoanza Januari 2020, bila ushuru, uniti 15 za kwanza zilikuwa faranga 89 kila moja, zilizofuata hadi 50 zilikuwa faranga 212, na zaidi ya hapo 249. Familia nne zenye mita nne, kila moja ikitumia uniti 15, zingelipa jumla ya faranga 5,340. Familia hizohizo kwenye mita moja zingetumia uniti 60 na kulipa faranga 11,245. Hakuna aliyeiba wala aliyefuja. Mita moja imewahesabu maskini wanne kuwa tajiri mmoja. Kwa hiyo chumba chenye mita yake kwa pango lililozidi kidogo huenda kikawa nafuu kuliko cha jirani. Kama mita ni moja, njia ya kugawana iandikwe tangu mwanzo, pamoja na jina la anayenunua umeme.

Maji nayo hayapandi kilimani kila siku. Swali la kumwuliza mpangaji anayehama, wala si mwenye nyumba, ni siku zipi bomba hutoka na kama ua una tangi. Madumu yaliyopangwa mlangoni hujibu kabla ya mtu kufungua kinywa.

Nyumba hutafutwa kupitia dalali, aitwaye huku komisiyoneri. Wapo waaminifu, na wapo wanaoonyesha nyumba ambayo funguo zake wamepewa kwa saa moja tu. Ada yake ikubaliwe kabla ya kuanza kuzunguka na ilipwe baada ya mkataba, wala pango lisipitie mikononi mwake. Kulipa miezi kadhaa kwa mkupuo kumekuwa desturi, lakini desturi si sheria, na mwenye nyumba aliyekaa miezi miwili bila mpangaji huwa msikivu.

Kuhusu mkataba, makubaliano ya upangaji husimamiwa na sheria ya mikataba ya mwaka 2011. Wenye nyumba wengine hukwepa maandishi, na sababu yake si siri: mapato ya pango hutozwa ushuru, na karatasi ni ushahidi. Ushuru huo ni wa mwenye nyumba. Asiyepewa mkataba angalau alipe kwa simu au benki, ili kila mwezi uache alama. Pango litajwe kwa faranga za Rwanda, kwani kutoza kwa dola bila idhini ya Benki Kuu hakuruhusiwi. Hati nyingi huandikwa kwa Kinyarwanda. Asiyekisoma vizuri aombe asomewe na mtu wake mwenyewe, hasa vifungu vya notisi ya kuhama na vya nani atakarabati nini.

Baada ya kuhamia, mpangaji hujitambulisha kwa kiongozi wa umudugudu na kwa majirani wa "isibo", kundi dogo la kaya zinazopakana. Humo hujulishwa michango ya doria na ya taka, na kazi ya umuganda ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo mgeni hufahamika haraka zaidi kwayo kuliko kwa salamu mia.

Kelele ni suala la ladha. Sehemu ya Biryogo iliyofungwa kwa magari tangu 2021 ina meza barabarani na watu hadi usiku, na siku za mechi uwanja husikika mbali. Anayetaka usingizi aitembelee nyumba mara mbili, mchana wa kazi na Ijumaa baada ya saa nne za usiku.

Mzozo ukizuka, hatua ya kwanza ni uongozi wa umudugudu, kisha kamati ya wapatanishi, "abunzi", katika ngazi ya kata. Hapo huulizwa stakabadhi kabla ya maneno. Anayehama hukabidhi funguo mbele ya shahidi, hupiga picha ya mita na ya kuta, na huomba sahihi kwamba hadaiwi.