Breki zilizoshinda Le Mans

Leo sitaandika kuhusu programu. Nitaandika kuhusu breki. Wale waliozoea kuja hapa kutafuta habari za Linux wanisamehe, ingawa wakivumilia kidogo wataona kwamba shida waliyokuwa nayo wahandisi wa Jaguar mwaka 1952 ni ile ile inayotutoa jasho sisi kazini: mashine inayofanya kazi vizuri ukiijaribu mara moja, halafu inakufa ikitumiwa mfululizo.

Pita Kirinyaga Road hapa Nairobi na hutakosa kijana mwenye Subaru Impreza akitafuta kalipa za STI zile za rangi ya dhahabu. Muulize sababu, atakuambia anataka gari lisimame haraka. Hilo ni nusu ya jibu. Breki alizopewa na kiwanda tayari zinaweza kufikisha tairi mwisho wa uwezo wake wa kushika lami, na hapo kalipa kubwa haiongezi kitu. Anachonunua, ajue asijue, ni uwezo wa kusimama mara ya ishirini sawasawa na alivyosimama mara ya kwanza. Kuna mashindano yaliyoamuliwa na jambo hilo hilo, nayo ni ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1953.

Le Mans ni saa 24 bila kupumzika. Mzunguko wake wakati huo ulikuwa kama kilomita 13.5, na karibu kilomita 6 kati ya hizo zilikuwa barabara moja iliyonyooka, Hunaudières, ambayo Waingereza huiita Mulsanne. (Zile kona za kupunguza kasi zilizopo sasa ziliwekwa mwaka 1990.) Mwisho wa barabara hiyo unakutana na kona kali ya kulia.

Hebu tupige hesabu. Tuseme gari, dereva na petroli ni kilo 1,100. Linakuja kwa kilomita 240 kwa saa na lazima lishuke hadi 60 ndipo likate kona. Nishati inayopaswa kutupwa hapo ni karibu jouli milioni 2.3, yaani inatosha kuchemsha lita 7 hivi za maji. Hiyo ni sufuria ya chai ya kikao kizima cha harambee, kwa sekunde chache, kwenye kona moja tu. Halafu unarudia mizunguko zaidi ya 300.

Magari ya wakati huo yalikuwa na breki za drami. Ndani ya drami kuna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, shuu, vinavyotanuka na kusugua ukuta wa ndani. Muundo huo una ujanja: drami ikizunguka inaivuta shuu ijikaze zaidi, kwa hiyo dereva anakanyaga kidogo na kupata nyingi. Lakini ujanja huo ndio mtego. Drami ikipata moto inatanuka na kuikimbia shuu, na pedali inazidi kuzama. Msuguano nao unapungua, na kwa kuwa mfumo mzima unauzidisha msuguano, hata upungufu wake unazidishwa. Wakati huo joto limefungiwa ndani kama jiko lililofunikwa. Dereva wa Le Mans alijua kwamba breki za saa kumi jioni sizo atakazokuwa nazo usiku wa manane, kwa hiyo alianza kuzibania mapema. Alifunga breki mbali na kona. Kila mzunguko alipoteza mita kadhaa za kasi ambayo injini yake ilikuwa imeitafuta kwa jasho.

Diski haikuwa wazo jipya. Mwingereza Frederick Lanchester aliisajili mwaka 1902, lakini vifaa vya wakati wake havikuitendea haki. Iliyoifufua ni ndege, ambayo inatua na tani nyingi na barabara inaisha. Dunlop walikuwa wakitengeneza diski za ndege, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kushirikiana na Jaguar kuzileta kwenye gari lao la mashindano, C-type. Diski imekaa wazi kwenye upepo. Ikitanuka kwa moto inazielekea pedi badala ya kuzikimbia. Tena haijikazi yenyewe, kwa hiyo unachokanyaga ndicho unachopata.

Mtu anaweza kudhani basi kazi ilikuwa kufungua drami na kufunga diski. Wapi! Ukiondoa udhaifu mmoja unafichua uliokuwa umejificha nyuma yake. Kwa kuwa diski haijikazi, mguu wa dereva peke yake haukutosha, ikabidi iwekwe pampu inayozungushwa na gia kusaidia kukanyaga. Joto ambalo zamani lilibaki kwenye drami sasa lilipita kwenye pedi hadi kwenye mafuta ya breki, nayo yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke. Mvuke unabanika, na pedali inashuka hadi sakafuni bila gari kupunguza lolote. Halafu kuna tatizo ninalolipenda kuliko yote (kulipenda nikiwa hapa kwenye kiti, si ndani ya gari): kwenye kona ngumu gurudumu linapinda kidogo, diski inayumba nalo na kuzisukuma pedi nyuma. Dereva anayenyoosha mguu kwenye kona inayofuata anakuta hakuna kitu, mpaka akanyage mara ya pili. Kwa kilomita 240 kwa saa, ile mara ya kwanza ni mita 60 na zaidi kila sekunde.

Aliyefanya kazi nyingi ya kuyawinda matatizo hayo ni Norman Dewis, mjaribu magari wa Jaguar. Mei 1952 alikaa kando ya Stirling Moss kwenye Mille Miglia, Italia, ndani ya C-type yenye diski. Hawakumaliza. Juni mwaka huo huo Moss alishinda Reims kwa diski.

Sasa hapa ndipo historia inapochekesha. Kule Italia Moss alikuwa ameona Mercedes mpya, 300SL, akaingiwa na wasiwasi, akatuma habari nyumbani kwamba Le Mans wanahitaji kasi zaidi. Jaguar wakabadilisha umbo la bodi haraka haraka, pua ndefu na mkia mrefu, na diski hazikupelekwa. Upoozaji wa injini haukuwa umejaribiwa vya kutosha. Magari yote matatu yakatoka mapema, tatizo kubwa likiwa kuchemka. Kila aliyewahi kupeleka toleo jipya kwa wateja Ijumaa jioni anaijua hadithi hiyo.

Mwaka 1953 walirudi na bodi ya zamani iliyopunguzwa uzito, injini ile ile ya lita 3.4, na diski kwenye magurudumu yote manne. Ferrari ya Ascari na Villoresi ilikuwa na lita 4.5, na Cunningham ya Marekani ilipimwa kuwa na kasi kuliko Jaguar kwenye Hunaudières. Lakini Jaguar walifunga breki karibu zaidi na kona, na asubuhi walikuwa bado wanaweza kufanya hivyo. Ferrari hiyo ilikufa klachi. Cunningham, na drami zake kubwa, ilimaliza ya tatu. Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda kwa wastani wa kilomita 170 kwa saa, mara ya kwanza Le Mans kupita maili 100 kwa saa. Jaguar nyingine zilikuwa ya pili na ya nne.

Mercedes hawakuhamia diski mara moja. Mwaka 1955 walibaki na drami na kuongeza bawa kubwa nyuma ya dereva, linaloinuka kukamata upepo. Juni 11, 1955, Mike Hawthorn kwenye Jaguar alimpita Lance Macklin kisha akafunga breki kuingia pakuwekea mafuta. Macklin, ambaye Austin-Healey yake nayo ilikuwa na diski, alikwepa kushoto. Mercedes ya Pierre Levegh ikampanda kwa nyuma na kurukia watazamaji. Zaidi ya watu 80 walikufa, Levegh mmojawapo. Uchunguzi haukumtwika dereva yeyote lawama. Mimi naona barabara ndiyo iliyokuwa mbovu kuliko wote: pa kusimama na pa kukimbilia palikuwa pamoja, bila ukuta kati yake, huku magari yakiwa na uwezo tofauti kabisa wa kusimama.

Oktoba mwaka huo Citroën DS ilitoka na diski mbele, gari la familia. Ferrari walisubiri zaidi. Peter Collins alikuwa amefungiwa diski za Dunlop kwenye Ferrari yake ya kutembelea, huku ya mashindano ikibaki na drami. Alipata ajali ya kifo Nürburgring Agosti 3, 1958. Diski za gari lake zikahamishiwa Ferrari ya rafiki yake Hawthorn kwa mashindano ya Monza mwezi uliofuata. Hawthorn alimaliza wa pili, na Oktoba, Casablanca, akawa bingwa wa dunia.