Mafuta ya Nazi, ya Forodhani na ya Jikoni

Katika tarehe ya Unguja nazi hutajwa nyuma ya karafuu, nayo hutajwa kwa hesabu za bandarini tu. Mwaka 1844 Ufaransa ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan. Wafanya biashara wa Marseille walikuwa na haja kubwa ya mafuta ya kutengenezea sabuni, na muda si muda merikebu zao zikawa zikipakia ufuta wa Mrima na mbata za visiwani. Hayo yaliandikwa, maana yalitozwa ushuru. Lakini palikuwa na mafuta mengine, ya nazi ile ile, ambayo hayakupita forodhani.

Mafuta hayo ni kazi ya wanawake. Nazi iliyokomaa hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa kwa kifumbu, na tui la kwanza likalazwa hata lile zito likapanda juu. Asubuhi hutelekwa kwa moto mdogo. Maji yakiisha hubaki uto safi na makapi ya kahawia. Moto ukizidi, uto huungua, wala haufai tena kichwani. Hubakia wa taa. Mafuta ya mbata yaliyosindikwa kwa kinu ni mengi zaidi, lakini harufu yake ni nzito, na bibi mwenye kujipenda hakuyakubali. Katika uto hutiwa asumini, au kilua, au karafuu chache, maana karafuu ikizidi huchoma ngozi. Maarifa hayo, pamoja na ya singo ya bibi harusi, mwari aliyapata kwa somo wake, kwa mdomo na kwa mkono.

Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alieleza mapambo na manukato ya wanawake wa jumbani katika kitabu chake cha 1886. Ni ushahidi wa thamani, ila ni ushahidi wa aliyepakwa. Waliokuna na kukamua katika majumba makubwa ya Mji Mkongwe walikuwa wajakazi, na amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria haikutoka mpaka 1897. Huko mashambani mwanamke alikuna nazi yake na kujipaka mwenyewe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na wataalamu wa India ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini katika unywele, kwa kuwa huweza kupenya ndani yake. Masomo walikuwa wakiyapaka kabla ya kuosha nywele, si baada yake tu.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Baadaye bei ya mwani mkavu ikawa duni, na baadhi ya wanawake wa Paje wakaanza kuusaga na kuutia katika sabuni ya mafuta ya nazi yenye harufu ya karafuu. Sabuni hiyo hununuliwa na wageni, nao huichukua mpaka Ulaya.