Gramu Kumi Kwenye Ncha ya Propela

Jioni ya tarehe 17 Septemba 1908, katika kambi ya jeshi ya Fort Myer, Virginia, Orville Wright alipaa na abiria mmoja, Luteni Thomas Selfridge wa Jeshi la Marekani. Ndege ilikuwa imefungwa propela mpya, ndefu kidogo kuliko za awali. Walikwisha kuzunguka uwanja mara kadhaa Orville aliposikia kitu kikigonga taratibu nyuma yake. Aligeuka, hakuona kasoro. Punde vikaja vishindo viwili vizito, ndege ikatikisika yote, na usukani wa mkia ukaacha kumtii. Ikaanguka kwa pua. Orville alivunjika mguu na mbavu. Selfridge, kijana wa miaka 26, alifariki usiku uleule, akawa mtu wa kwanza kupoteza maisha katika ajali ya ndege yenye injini.

Mabaki yalipokaguliwa, ilionekana kwamba panga moja la propela lilikuwa limepasuka kwa urefu wake. Panga hilo likapoteza nguvu ya kusukuma hewa huku mwenzake likiendelea na kazi kama kawaida. Tofauti hiyo ikazaa mtetemo, mtetemo ukalegeza vyuma vilivyoshika shafti, na propela ikahama mahali pake hadi ikafikia waya wa usukani wa mkia na kuukata. Panga halikuvunjika vipande viwili. Ilitosha kwamba pande mbili ziliacha kulingana.

Historia ya urukaji husimuliwa zaidi kwa habari za mabawa, injini na ujasiri wa marubani. Mtetemo hutajwa kwa nadra, ingawa ulikuwepo tangu mwanzo na nusura uizuie safari ya kwanza kabisa. Mapema Novemba 1903, ndugu Wright walipoiwasha injini yao kule Kitty Hawk, ilikohoa na kushtuka kiasi cha kuharibu shafti za propela, zilizokuwa za bomba la chuma. Zikapelekwa kwenye karakana yao ya Dayton, Ohio, zikatengenezwa, zikarudi. Tarehe 28 Novemba wakagundua ufa katika mojawapo. Orville akapanda treni kurudi Dayton kutengeneza shafti nyingine za chuma cha springi, zisizo na uwazi ndani, na alirejea pwani tarehe 11 Desemba. Siku sita baadaye ndege ikaruka. Kama si shafti hizo, pengine tarehe tunayoikumbuka isingekuwa 17 Desemba.

Hata hivyo ndugu hao walikuwa na bahati moja. Propela zao mbili za mbao za sprusi, kila moja ikiwa na upana wa mita 2.6 hivi kutoka ncha hadi ncha, zilizunguka polepole, takriban mara 350 kwa dakika, kwa sababu minyororo ilipunguza mwendo wa injini. Nguvu inayovuta kitu kutoka katikati ya mzunguko hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, mvuto huzidi mara nne. Injini ya ndege ndogo ya leo, mfano Cessna 172, huweza kuizungusha propela mara 2,700 kwa dakika. Kutoka 350 hadi 2,700, kasoro ileile ya uzito huvuta kwa nguvu karibu mara 60.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha habari yote, na inafaa kuifanya kwa namba halisi. Tuseme ncha moja ya propela yenye upana wa mita 1.9 imezidi mwenzake kwa gramu 10, uzito wa vijiko viwili vidogo vya maji. Kwa mizunguko 2,700, gramu hizo huivuta shafti kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 77 hivi, na mvuto huo huzunguka pande zote mara 45 kila sekunde. Vinavyoupokea ni beringi za injini, mabomba ya moshi, vifaa vya dashibodi, na miguu ya rubani iliyokanyaga pedali.

Mafundi wa zama za mbao walilijua jambo hili kwa mikono yao kabla ya kuandikiwa hesabu. Lucien Chauvière wa Paris alikuwa akiunganisha kwa gundi tabaka za mbao za mti wa jozi na kuzichonga, na propela yake ndiyo iliyomvusha Louis Blériot kutoka Ufaransa hadi Uingereza tarehe 25 Julai 1909. Tabaka ziliongeza nguvu, lakini pia zilisaidia usawa, kwa kuwa ubao mmoja mkubwa huwa mzito upande mmoja na mwepesi upande mwingine, jinsi mti ulivyokua.

Baada ya kuchongwa, propela ilipelekwa kwenye chumba kisichopitiwa na upepo. Fundi alipitisha chuma cha mviringo katika tundu la katikati, akakilaza juu ya kingo mbili nyembamba za chuma, kisha akaiachia. Kwanza mapanga yalilala mlalo, halafu yakasimamishwa wima. Upande mzito ulishuka wenyewe. Kama panga moja lilikuwa jepesi, fundi aliliongezea vanishi, au alidondosha risasi ya kulehemu juu ya bati la shaba lililofunika ncha yake. Kama kasoro ilikuwa kwenye kitovu, alipigilia kipande cha shaba ubavuni.

Bati lile la ncha lilitobolewa vitundu vidogo sana, na si kwa urembo. Mbao hunywa maji. Propela inapozunguka, unyevu husukumwa hadi nchani, na usipopata pa kutokea hubaki humo ukiongeza uzito na kuozesha. Kwa sababu hiyohiyo, mpaka leo mwenye ndege ya propela ya mbao huiegesha mapanga yakiwa mlalo. Akiiacha wima kwa wiki kadhaa, unyevu huteremkia panga la chini, na fundi aliyeisawazisha atakuwa amefanya kazi ya bure.

Ohio iliendelea kuwa kitovu cha kazi hii. Mwaka 1917 Robert Hartzell, ambaye familia yake ilikuwa na kiwanda cha mbao za jozi, alianza kutengeneza propela huko Piqua, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Dayton. Kampuni yenyewe husimulia kwamba wazo lilitoka kwa jirani yake, Orville Wright. Mwaka 1938 Ernest McCauley akafungua kampuni yake Dayton, na propela zake zikaenea kwenye ndege ndogo za Cessna. Kati ya tarehe hizo mbili mbao zilikuwa zimeanza kuipisha metali. Sylvanus Albert Reed alitunukiwa tuzo ya Collier ya 1925 kwa propela ya duralumini, na Frank Caldwell alichangia ushindi wa tuzo ya 1933 kwa propela ambayo rubani huweza kubadili mlalo wa mapanga yake akiwa angani. Duralumini hainywi maji na haivimbi. Lakini kipimo kilibaki kilekile: kingo mbili na chumba kisicho na upepo, isipokuwa sasa fundi alishika tupa na kuondoa metali kwenye panga zito.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, na lilidumu kwa miongo mingi. Propela inayotulia vizuri juu ya kingo inaweza kufungwa kwenye injini na bado ikatetemeka. Shafti ya injini ina kasoro zake. Gurudumu la meno la stata, lililo nyuma tu ya propela, linaweza kuwa zito upande mmoja. Kofia inayofunika kitovu ikifungwa milimita moja nje ya katikati, nayo huvuta. Cheti cha karakana kilikuwa sahihi, na malalamiko ya rubani pia yalikuwa sahihi, maana kila mmoja alizungumzia kitu tofauti. Fundi mzoefu alikuwa na mbinu moja ya kujaribu: kufungua bolti, kuigeuza propela ya mapanga mawili nusu mzunguko, na kuifunga tena kwa matumaini kwamba kasoro za propela na za injini zitafutana. Wakati mwingine zilifutana. Zisipofutana, pedi za mpira zinazoshika injini zilimpunguzia abiria usumbufu, lakini injini yenyewe iliendelea kuumia.

Jibu lilifika kupitia helikopta. Rota ya helikopta ni pana mno na haivumilii kasoro, kwa hiyo mafundi wake walilazimika kuipima ikiwa inazunguka. Njia ya mwanzo inatisha ukiifikiria: ncha za mapanga zilipakwa rangi tofauti, kisha mtu aliyesimama chini alisogeza mlingoti wenye kitambaa hadi mapanga yakiguse na kuacha alama. Baadaye zikaja taa zinazomweka kwa mpigo mmoja na rota, na vihisi vya mtetemo. Vifaa vya kampuni ya Chadwick-Helmuth ya California vilitumiwa na jeshi la Marekani kwenye helikopta zake, na mafundi wa ndege ndogo wakaona kwamba kinachofaa juu ya helikopta kitafaa pia mbele ya Cessna.

Kazi yenyewe ya kuisawazisha propela ikizunguka haihitaji kuruka. Ndege huelekezwa kwenye upepo. Kihisi hufungwa sehemu ya mbele ya injini, na utepe mdogo unaorudisha mwanga hubandikwa nyuma ya panga moja ili kifaa kijue panga lilipo kila wakati. Injini hupashwa joto, kisha hupandishwa hadi mwendo wa safari. Kifaa hutoa majibu mawili: ukubwa wa mtetemo, unaopimwa kwa inchi kwa sekunde, na pembe uliko upande mzito. Fundi huongeza uzito wa majaribio, huwasha tena, husoma badiliko. Zamani alichora mistari kwenye karatasi ya duara kwa rula, siku hizi kompyuta humwambia gramu ngapi na wapi. Mwishoni washa chache hufungwa kwa bolti kwenye sahani ya kofia, kwa kanuni ileile ya fundi wa matairi anayegonga vipande vya risasi kwenye rimu. Mafundi wengi hawaridhiki mpaka namba ishuke hadi 0.07 au chini yake. Inayozidi 0.5 huhesabiwa kuwa mbaya.

Mwaka 2005 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilipotoa mwongozo wake wa utunzaji wa propela, AC 20-37E, usawazishaji wa namna hii ulikuwa na sehemu yake humo.

Anayedhani usawa wa propela ni suala la starehe tu aitazame Voyager. Septemba 1986, ndege hiyo iliyobuniwa na Burt Rutan ilikuwa katika majaribio California pale propela ya injini ya mbele ilipopoteza panga. Injini iliyobaki na uzito upande mmoja karibu ing'oke kwenye vishikizo vyake kabla ya kuzimwa. Hartzell wakatengeneza propela za alumini kwa muda mfupi, na tarehe 23 Desemba 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager wakatua baada ya siku tisa, wakiwa wameizunguka dunia bila kuongeza mafuta.

Katika viwanja vya Afrika Mashariki adui mkubwa ni kokoto. Ndege zinazotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara, na zile zinazotua Serengeti, hukimbia huko juu ya udongo na changarawe. Propela hunyanyua mawe na kujigonga nayo. Fundi hulazimika kulainisha kila jeraha kwa tupa, kwa sababu jeraha lenye pembe kali ndipo ufa huanzia, na kila mara gramu kidogo hupotea karibu na ncha, palepale zinapovuta zaidi. Rubani mwenye busara haipandishi injini akiwa amesimama juu ya changarawe. Huiacha ndege ianze kubingirika kwanza, ndipo aongeze nguvu.

Washa za kwenye kofia hazitibu kila kitu. Panga lililopinda, plagi mbovu au pedi ya mpira iliyochoka vyote hutetemesha, na uzito wa ziada unaweza kuvificha. Ndiyo maana maelekezo ya Hartzell yanaweka mpaka: mtetemo wa mwanzo ukizidi inchi 1.2 kwa sekunde, kazi ya kuongeza uzito inasimama, propela inafunguliwa na kupelekwa kwanza kupimwa ikiwa haizunguki, kama ilivyofanywa enzi za mbao.