Jina la Usambara na Sauti ya Walowezi: Magazeti ya Tanga kama Chanzo cha Historia ya Lushoto, 1904–1916

Mtafiti wa historia ya Lushoto katika enzi ya Wajerumani, wakati mji huo ulipoitwa Wilhelmstal, huvutwa mapema na gazeti la Usambara-Post. Jina lake laahidi habari za milima hii. Hata hivyo, gazeti hilo lilitolewa Tanga, kwa Kijerumani, kuanzia 1904 hadi 1916, nalo lilikuwa sauti ya walowezi wenye mashamba. Insha hii inadai kwamba jina peke yake halilifanyi gazeti kuwa la mahali fulani; hulifanya hivyo watu wanaoliandikia na wanaolisoma.

Nguvu ya gazeti hilo ilitokana na uchumi wa kanda. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo, chini ya milima, mwaka 1905, na mazao ya mashamba yakapata njia ya kwenda bandarini. Usambara-Post ilitoa pia jarida la kilimo, Der Pflanzer, kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti ya Amani. Katika siasa, walowezi walimpinga Gavana Rechenberg, aliyetawala 1906 hadi 1912, kwa kuwa waliona anapendelea kilimo cha wenyeji kuliko mashamba yao.

Kilio chao kikubwa kilikuwa uhaba wa vibarua. Neno hili lahitaji tahadhari. Mnamo 1907 ulianzishwa Usambara Magharibi utaratibu wa kipande: mwanamume alilazimika kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, asiyetimiza alipelekwa katika kazi za serikali. Kwa mwenye shamba, hiyo ilikuwa dawa ya uhaba. Kwa Mshambaa, aliyekuwa na migomba na mahindi yake ya kupalilia, zilikuwa siku zilizoporwa. Mwanahistoria anayelichukua neno “uhaba” bila kulihoji amekwisha kuchagua upande.

Katika mji huohuo wa Tanga lilitoka Kiongozi, gazeti la Kiswahili la kila mwezi lililohusiana na shule ya serikali. Walimu na makarani waliliandikia barua kutoka vituo vyao, wakieleza mvua, safari, vifo na sherehe. Chini ya milima, huko Magila, misheni ya Waanglikana ilichapa Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890. Magazeti haya hayakuwa huru: moja lilikuwa chini ya serikali, jingine chini ya kanisa, na waandishi wake walijua mipaka ya kusema. Lakini ndani yake Mwafrika ni msimulizi, si kibarua anayehesabiwa tu.

Ulinganisho na Denmark wafaa hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji mingi ya mikoani huko ilikuwa na magazeti manne, kila moja likifuata chama chake cha siasa, na raia alichagua la kusoma. Tanga, magazeti yaligawanywa na lugha, na nyuma ya lugha walikuwapo mtawala na mtawaliwa.

Kwa hiyo, historia ya Lushoto haiwezi kuandikwa kutokana na gazeti lenye jina la Usambara peke yake. Lisomwe sambamba na yale ya Kiswahili, pamoja na masimulizi ya wazee. Na pale yote yanaponyamaza, ukimya huo nao uandikwe.